Nani Alimuua Gwen Stacy?

Sauti ni tatu, majina nimeyaacha. Mjomba alikuwa mhariri wa gazeti mpaka alipostaafu, na hadi leo ukimpa karatasi yoyote anapapasa mfukoni kutafuta kalamu nyekundu. Mpwa wake wa kike huchora katuni kwa riziki. Mwalimu anafundisha fizikia. Alikuja barazani kunywa kahawa tu, akanaswa. Katikati yao, juu ya mkeka, limelazwa toleo namba 121 la The Amazing Spider-Man, chapa ya baadaye. Lile la kwanza lilitoka Marekani likiwa na tarehe ya Juni 1973 na bei ya senti 20.

Kisa chenyewe hakijai kiganja. Norman Osborn, tajiri ambaye akipandwa na wazimu hugeuka Green Goblin, anamteka Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker. Anampandisha juu ya mnara wa daraja, New York. Spider-Man, naye ndiye Peter, anafika akiwa na homa aliyoitoa safarini Canada. Goblin anamgonga msichana kwa chombo chake cha kurukia, msichana anaporomoka. Spider-Man anarusha uzi, unamnasa miguu, anamvuta juu huku akijipongeza. Kumbe anavuta maiti.

*

Mjomba: Sasa tubishane nini? Muuaji anajulikana. Aliyemwangusha ndiye aliyemuua. Mtu akinisukuma kisimani, mwingine akanirushia kamba ikanikaba, utamfunga mwenye kamba umwache mwenye mkono?

Mpwa: Mjomba, tazama hapa. Siyo usoni. Hapa, kando ya shingo.

Mjomba: Naona maandishi. Miwani iko ndani.

Mpwa: SNAP. Herufi nne ndogo, mlio wa kitu kinachokatika, zimewekwa palepale uzi unapomnasa na kichwa kurudi nyuma. Sasa sikiliza. Spider-Man halisikii neno hilo. Goblin halisikii. Ukurasa mzima hakuna anayelisikia. Tumenong'onezwa sisi wasomaji peke yetu, na shujaa anaendelea kuvuta uzi akidhani kaokoa.

Mjomba: Kwa Kiswahili ungeandikaje?

Mpwa: "Ka!" Kijiti kikavu.

Mjomba: Herufi mbili. Umeokoa wino. (Anaweka kidole gumba juu ya neno.) Haya, tusome bila hilo. Msichana kaanguka, kanaswa, kafa. Kila mtu yuko mahali pake: mwovu ni mwovu, shujaa ni shujaa. Naondoa kidole. Mara mkono wa shujaa una damu. Mwanangu, neno likiipinda hadithi nzima namna hiyo, ama ni la kufutwa, ama ndilo neno pekee lililostahili kuchapishwa. Na mimi katika kazi yangu yote, mara nyingi sikujua lipi ni lipi.

Mwalimu: Kabla ya kufika kwa mhariri tumsikilize mshtakiwa. Goblin anadai nini baada ya msichana kufa? Kwamba mtu akianguka kutoka juu vile hufa kabla hajafika chini. Eti mwanguko wenyewe unaua. Huo ni upuuzi. Wanaoruka na miavuli kutoka kwenye ndege huanguka kwa muda mrefu kabla ya kuifungua, na wakitua wanaulizia chai. Kuanguka hakuui. Kusimama ndiko kunakoua.

Mjomba: Hayo ndiyo unayowafundisha watoto wa watu?

Mwalimu: Kila muhula, kwa yai na kwa nazi. Lakini nikitaka kupiga hesabu nahitaji urefu, na hapo ndipo waliponitesa. Maneno ya chapa ya kwanza yanasema George Washington Bridge. Gil Kane, mchoraji, kachora mnara wa mawe wenye matao yaliyochongoka. Huo ni Brooklyn Bridge! Yeyote aliyewahi kutundika kalenda ya New York ukutani anaujua. George Washington yote ni vyuma vilivyosukwa.

Mjomba: (Anashika kichwa.) Na ikapita mezani.

Mwalimu: Ikapita. Sasa, mnara wa Brooklyn uko karibu mita 84 juu ya maji. Pandisha mnazi juu ya mnazi juu ya mnazi, na bado hujafika. Ule wa pili ni mita 184. Tuchukue mfupi, kwa huruma. Ataanguka sekunde nne na ushei, na akikaribia maji mwendo wake utakuwa kama kilomita 145 kwa saa, upepo tukiusahau. Uzi umsimamishe ndani ya nusu sekunde. Mwili utavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wake mara tisa. Rubani wa ndege ya kivita huvumilia nguvu hiyo, lakini yeye kakaa, kafungwa mikanda, kichwa kimeegemezwa. Huyu kazirai, kanaswa miguu, kichwa kinaning'inia. Shingo ndiyo italipa. Profesa James Kakalios wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliifanya hesabu ya namna hii katika kitabu chake cha 2005 kuhusu fizikia ya mashujaa. Nilifurahi kuiona, maana nikisema mimi wanafunzi wanadhani nimekosa kazi.

Mpwa: Basi ni uzi. Nilisema.

Mwalimu: Ni uzi uliobanwa ghafla. Umewahi kumtazama mkwezi akiteremsha madafu kwa kamba? Anailegeza kidogokidogo. Siku akiibana ghafla, kikonyo kinakatika, madafu puu! Kamba ni ileile, mkono uleule. Ila usikimbilie kuhukumu, dada yangu. Asingerusha uzi, yale maji yangemsimamisha kwa muda mfupi kuliko hiyo nusu sekunde. Maji kwa mwendo ule ni sakafu. Wachapishaji wenyewe, wakijibu barua za wasomaji katika toleo la 125, walikiri yote mawili: kusimama ghafla ndiko kulikomuua, na shujaa angekunja mikono msichana angekufa vilevile.

Mjomba: Basi alitakiwa afanyeje, huyu kijana mwenye mafua?

Mwalimu: Aruke mwenyewe. Amfikie hewani, amkumbatie, kisha wapunguze mwendo wakiwa pamoja, polepole, mwili wake ukiwa mto.

Mpwa: Aliruka. Ilimchukua miaka 48.

Mwalimu: Wapi?

Mpwa: Kwenye filamu. Mwaka 2014 Andrew Garfield alimcheza Spider-Man ambaye Gwen wake, Emma Stone, anaanguka ndani ya mnara wa saa. Uzi unamfikia, kichwa kinaifikia sakafu. Halafu 2021, katika Spider-Man: No Way Home, Garfield huyohuyo anarudi akiwa mtu mzima kidogo, na msichana mwingine, MJ, aliyechezwa na Zendaya, anaporomoka kutoka juu. Safari hii harushi uzi kwanza. Anajirusha yeye, anamdaka kwa mikono, anatua naye. Anamuuliza kama yuko salama, na uso wake unabomoka. Watu walitokwa na machozi kwenye majumba ya sinema ambao kitabu hiki hawajawahi hata kukiona jalada. Walikuwa wanamlilia maiti wa mwaka 1973 bila kujua.

*

Hapo kahawa iliongezwa. Mjomba alitumia nafasi hiyo kwenda kuchukua miwani, na aliporudi alikuwa na kesi nyingine.

*

Mjomba: Nyinyi mnamhukumu aliyechorwa. Mimi nataka waliochora. Maana Gwen aliuawa mara mbili, na mara ya kwanza aliuawa ofisini, mezani, pengine kwa sauti ya kawaida kabisa kama tunavyozungumza. Mwandishi, Gerry Conway, alikuwa na miaka 20. Ishirini! Mimi katika umri huo nilikuwa nasahihisha matangazo ya vifo, na hawa walimpa kijana kalamu atangaze kifo ambacho hakijatokea.

Mpwa: Hakuamua peke yake.

Mjomba: Ndiyo utamu wake. Inasimuliwa kwamba kwanza walimfikiria May, yule bibi aliyemlea Peter. John Romita, mchoraji mkubwa wa Spider-Man wakati huo, akasema bibi kizee kufa si habari. Wa kufa ni Gwen. Conway hakubisha, kwa kuwa Gwen alimwona hana kasoro ya kushikia, na Mary Jane, msichana mwingine wa hadithi hiyo, alimpenda zaidi. Tena kulikuwa na hofu ya harusi. Peter na Gwen walishafika pale ambapo hadithi hudai posa, na kijana akioa, wenye duka waliogopa, atakuwa mtu mzima.

Mpwa: Kwa hiyo wakamuua wasije wakamwozesha. Halafu 1987 wakamwozesha Peter kwa Mary Jane. Halafu 2007 wakaifuta ndoa hiyo kwa mapatano na shetani.

Mwalimu: Unatania.

Mpwa: Wallahi. Mapatano kamili, na shetani mwekundu.

Mjomba: Tuyaache ya shetani, tuko kwa Stan Lee. Huyu ndiye aliyemwandika Gwen tangu mwanzo, na mwaka 1973 ndiye mkubwa wa nyumba. Toleo likatoka. Wasomaji wakapandwa na hasira; alipoalikwa kuzungumza vyuoni wanafunzi wakambana. Stan Lee akasema hakujua. Kwamba alikuwa anafunga mizigo kwenda safari, vijana wakamweleza jambo, akawaambia fanyeni mtakavyo. Conway, na Roy Thomas aliyekuwa mhariri mkuu, wakashikilia kwamba alijua na aliridhia. Mimi sihitaji kuamua nani mkweli. Nimeishi chumba cha habari. Kichwa cha habari kikileta tuzo kina wazazi kumi. Kikileta wakili, ni yatima.

Mwalimu: Kumbe ofisini nako kuna Goblin na kuna Spider-Man.

Mjomba: Kuna wa kusukuma na kuna wa kurusha uzi kwa kuchelewa, na kila mmoja anaapa kwamba yeye alikuwa anaokoa gazeti.

Mpwa: Nyote wawili mmeuliza nani alimuua. Saa nzima. Hakuna aliyeuliza yeye alisema nini.

Mjomba: Alisema nini?

Mpwa: Hakusema. Kwenye daraja kazirai tangu mwanzo hadi mwisho. Anatekwa, kinachobaki chumbani ni mkoba wake. Peter anakuta mkoba. Mtu anaondoka duniani na kinachotuaga ni mkoba! Mnajua alikuwa nani? Alipotokea mara ya kwanza, toleo la 31, Desemba 1965, Steve Ditko alimchora msichana mwenye macho makali, mwanafunzi wa sayansi asiyevumilia kupuuzwa. Mwaka uliofuata akaja Romita, aliyezoea kuchora majarida ya mapenzi. Akampendezesha. Na kadiri alivyopendeza ndivyo alivyolia zaidi na kusema kidogo. Mwaka 1970, toleo la 90, baba yake, Kapteni Stacy wa polisi, anakufa akimkinga mtoto na kifusi. Gwen anamlaumu Spider-Man. Anamchukia kabisa, na huku kila jioni anamlilia Peter begani. Bega ni lilelile! Hiyo ndiyo hadithi niliyoitaka. Siku atakayojua. Atamfanya nini? Atamkimbia? Atamzaba kofi? Walikuwa na dhahabu hiyo mkononi, wakaidondosha majini.

Mwalimu: Kwa hiyo alikufa hajui.

Mpwa: Hajui. Ya kwake yalikatwa ili ya Peter yaendelee. Na wengine wakajifunza. Ukitaka shujaa akunje ngumi kwa uchungu, tafuta mwanamke wake umvunje. Mwaka 1999 Gail Simone, ambaye baadaye naye aliandika katuni hizi, alikusanya orodha ya wanawake waliofanywa hivyo, na jina lake likatokana na friji, kwa sababu ya mpenzi wa shujaa Green Lantern aliyekutwa amesukumwa ndani ya friji katika toleo la 1994. Orodha ilikuwa ndefu. Simsingizii Conway friji. Lakini barabara ya kufika kwenye friji inapita juu ya daraja hili, lolote kati ya hayo mawili.

Mjomba: (Ananyamaza kidogo.) Nitakubali nusu. Nusu nyingine unipe mimi. Nilikulia kwa Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau, ndani ya Taifa Leo. Miaka nenda miaka rudi hakuzeeka, wala hatukutaka azeeke. Kichekesho hakihitaji kaburi. Na Lance Spearman wa jarida la African Film? Kabla hujafungua ukurasa ulijua kofia yake itabaki kichwani. Sisi tulilipa ili tuhakikishiwe. Na vijana wa Marekani vilevile: walizoea majalada yanayotangaza kifo cha shujaa, ukifungua unakuta ni ndoto, au hadithi ya kudhani tu. Jalada la hili nalo lina nyuso za jamaa zake wote na ahadi ya kifo. Msomaji akacheka, akajua ni biashara. Kisha akafika darajani. Hapo hakuna ndoto. Aliyefungua akiwa na miaka kumi alifunga akiwa na miaka mingine.

Mpwa: Kifo kilikuwepo tangu mwanzo, Mjomba. Mjomba Ben alikufa 1962.

Mjomba: Huyo si mjomba, ni ami yake! Ni ndugu wa baba. Wafasiri wanatuharibia ukoo. Na kifo cha Ben ni mlango wa kuingilia. Bila hicho hakuna Spider-Man. Kijana alizembea, akajifunza, akaapa. Sasa huyu amejifunza, hakuzembea, amefika, amerusha uzi kwa shabaha, na bado. Kabla ya hapo ukifanya wema katika vitabu hivi unalipwa. Baada ya hapo hakuna anayekudhamini. Baadhi ya wanaoandika historia ya katuni wakitafuta mahali pa kuukatia ule wakati wa furaha wa miaka ya sitini, wanaukatia kwenye ukurasa huu.

Mpwa: Hilo nakupa. Na nakupa kingine, cha fundi kwa fundi. Tazama ukurasa wa kwanza: jina la hadithi halipo. Lingewekwa pale, lingemfichua marehemu kabla hajafa. Wameliweka ukurasa wa mwisho. Unafika, umeshaona yote, ndipo unaambiwa ulichokuwa unasoma kinaitwaje. Nimeliiba hilo mara mbili.

Mwalimu: Halafu si wakamrudisha? Mimi nakumbuka walimrudisha.

Mpwa: 1975. Wasomaji hawakunyamaza, ikabidi Conway huyohuyo aandike marudio yake. Hawakuweza kumfufua, maana wangekula matapishi, basi wakamletea mwalimu wake wa biolojia, Profesa Miles Warren, aliyemtengeneza Gwen mwingine kwa chembe za mwili. Nakala. Nakala ikagundua ni nakala, ikaondoka zake. Miaka ya tisini waandishi wengine wakaokota uzi huohuo, wakatengeneza sakata la nakala juu ya nakala hadi wasomaji wakaomba poo. Lakini Gwen wa kwanza? Katuni hizi zina maiti wachache wanaotulia. Bucky wa Captain America alitulia miaka arobaini, 2005 akaamka. Norman Osborn mwenyewe, aliyekufa toleo lililofuata, wakamwamsha 1996. Muuaji karudi, aliyeuawa hakurudi. Ukiniuliza, hilo ndilo baya kuliko daraja.

Mjomba: Na yule wa kofia nyeupe? Watoto wa jirani wanamchora ukutani kwetu.

Mpwa: Huyo ni wa ulimwengu mwingine. Mwaka 2014 Jason Latour na Robbi Rodriguez, katika toleo la pili la Edge of Spider-Verse, walijiuliza buibui angemuuma Gwen ingekuwaje. Akawa yeye shujaa, na anayekufa ni Peter. Walidhani ni toleo moja tu. Wasomaji wakang'ang'ania, akapata kitabu chake, akaingia filamu za 2018 na 2023. Watoto wa jirani wanamjua Gwen anayeruka, hawamjui anayeanguka.

Mjomba: Mwanamke wa buibui! Hapa kwetu mbona hiyo si ajabu, wapo kila nyumba.

Mwalimu: (Anacheka hadi kahawa inamwagika.) Toa hicho kitabu kabla sijakichafua.

*

Kitabu kikasogezwa. Chini yake lilikuwepo la pili, namba 122, ambalo hakuna aliyekuwa amelifungua. Mpwa alilifungua kutoka nyuma.

*

Mpwa: Ukinilazimisha niokoe ukurasa mmoja katika yote haya, si wa daraja. Ni huu. Goblin ameshakufa, kachomwa na chombo chake mwenyewe. Peter karudi nyumbani, hana tena wa kumpiga. Mary Jane anaingia. Yule msichana wa starehe, wa kuchekacheka, ambaye hatujawahi kumwona akikaa na jambo zito dakika mbili. Peter anamfukuza. Anamtusi: wewe hata mama yako akifa hutasikitika. Maneno si hayo, maana ndiyo hiyo.

Mwalimu: Akaondoka?

Mpwa: Anakwenda mlangoni. Mkono uko kwenye kitasa. Hakuna anayesema kitu. Kisha mlango unafungwa, na yeye yuko ndani.

Mjomba: Lete niione. (Anavaa miwani.) Hapa napo pana mlio.

Mpwa: Upo. Mdogo kama ule wa shingoni.

Mjomba: (Anaweka kidole gumba juu yake. Anakiondoa. Anaweka tena.) Kwa Kiswahili?

Mpwa: "Ti." Komeo likiingia.

Mjomba: Hiyo ningeiacha.